Jinsi ya Kufanya Utafiti wa Uzamili wa Rasilimali Watu Ukiwa Kazini Dodoma

Mwongozo huu unamlenga mtumishi anayesoma shahada ya uzamili katika usimamizi wa rasilimali watu huku akiendelea na kazi, na ambaye amekwisha kumaliza masomo ya darasani. Nimekuwa afisa utumishi kwa miaka mingi na njia hii nimeipita mwenyewe. Wenzangu wengi ninaowaona wakikwama hawakwami kwa sababu ya takwimu. Wanakwama kwa sababu mada waliyoichagua haina mahali pa kushikika.

Hatua ya kwanza ni kutafuta tatizo ndani ya masijala, yaani ofisi yanakotunzwa majalada, kabla ya kulitafuta maktaba. Kaa siku mbili au tatu na kazi zinazopita mezani kwako, kisha andika ni maombi gani yanajirudia: maombi ya uhamisho, malalamiko ya kucheleweshwa kupandishwa daraja, watumishi waliokaa miaka bila kuthibitishwa kazini, nafasi zilizomo kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa) lakini hazijazwi. Chagua moja. Tuseme umechagua maombi ya uhamisho ya watumishi wapya katika halmashauri moja ya mkoa huu, iwe Bahi, Chemba au Mpwapwa. Sasa una jambo linalohesabika, lenye tarehe na saini, na lenye mtu anayelifanyia uamuzi.

Linganisha na mada ambayo kila mwaka huletwa na wanafunzi kadhaa, yaani athari za motisha katika utendaji kazi wa watumishi wa umma. Motisha ipi? Nyumba, posho, daraja, au kuheshimiwa na mkuu wa idara? Na utendaji umepimwa na nani? Mara nyingi mwanafunzi humpa mtumishi dodoso moja linalomuuliza kama ana motisha na, ukurasa unaofuata, kama anafanya kazi vizuri. Mtu yule yule, siku ile ile, kwa kalamu ile ile, anajipa alama pande zote mbili, na uhusiano unaoonekana baadaye kwenye jedwali huenda usiwe na maana zaidi ya kwamba aliyeamka na furaha amejibu kwa furaha. Dawa yake ni kuutoa upande mmoja kwenye kumbukumbu (idadi ya maombi ya uhamisho, siku za kutokuwepo kazini, matokeo ya tathmini katika PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS) na upande wa pili kwa mhusika mwenyewe. Ukifanya hili tu, andiko lako litakuwa limevuka udhaifu ambao watahini wengi huuona kwanza.

Hatua ya pili ni kujua watu unaowachunguza wanasimamiwa na sheria ipi. Watumishi wa umma wana Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na kanuni zake, wakati sekta binafsi inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo chini yake mfanyakazi anayepinga kuachishwa kazi hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Usiyachanganye makundi hayo mawili katika sampuli moja, yaani kundi la watu utakaowachagua kuwachunguza, bila sababu iliyoandikwa.

Hatua ya tatu ni nadharia, na hapa nashauri moja inayofanya kazi badala ya nne za kupamba sura ya pili. Kwa mada ya uhamisho, kielelezo cha Meyer na Allen cha mwaka 1991 kinafaa sana, kwa kuwa kinatenganisha sababu tatu za mtu kubaki mahali pa kazi: kwa kupapenda, kwa kuhofia gharama ya kuondoka, na kwa kuona ana wajibu. Mwalimu aliyebaki kwa sababu hana pa kwenda na mwalimu aliyebaki kwa kuipenda shule yake wanaonekana sawa kwenye ikama, lakini kwa anayepanga rasilimali watu ni watu wawili tofauti kabisa.

Hatua ya nne ni sampuli. Kanuni ya Yamane ya mwaka 1967 ndiyo inayotumiwa sana katika tasnifu zetu kupata ukubwa wa sampuli: gawanya idadi ya walengwa kwa jumla ya moja na idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kiwango cha makosa. Kwa walengwa 200 na makosa ya 0.05, unagawanya 200 kwa 1.5 na kupata 133. Lakini ukiwa na walengwa 60 kanuni hiyo itakupa 52, na hakuna sababu ya maana ya kuwaacha wanane. Wape wote dodoso. Kanuni hiyo pia haihusu mahojiano ya kina.

Hatua ya tano, dodoso, inastahili muda zaidi ya unaodhani. Tasnifu nyingi za vyuo vyetu huandikwa kwa Kiingereza, lakini watakaojibu wanafikiri kwa Kiswahili, hivyo tafsiri vipengele vyako, kisha mpe mtu mwingine avirudishe kwa Kiingereza bila kuona nakala ya kwanza. Katika dodoso langu niliandika "nimejitoa kwa taasisi hii", nikimaanisha kujituma. Wakati wa majaribio baadhi ya watumishi waliuliza kama naulizia walioacha kazi. Lilikuwa swali la haki, na lingeniharibia kipengele kizima kama nisingejaribu dodoso kwa watu wachache kwanza. Baada ya majaribio kagua alfa ya Cronbach, kipimo kinachoonyesha kama vipengele vya dodoso vinaafikiana. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni 0.7 na kuendelea.

Hatua ya sita ni vibali na kalenda. Kwa kawaida chuo hukupa barua ya utambulisho kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye huandika kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa wizara zilizoko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, barua huelekezwa kwa Katibu Mkuu. Kila unapoacha barua, ondoka na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu bila hiyo hutakuwa na cha kufuatilia. Na hapa Dodoma kuna jambo la pekee: Bunge la Bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mimi nilianza kukusanya data mwezi Mei. Maafisa niliowahitaji walikuwa wakiandaa majibu ya hoja za wabunge usiku na mchana, na nilipoteza karibu miezi miwili. Panga kukusanya data kuanzia Agosti.

Hatua ya saba inahusu siri za watu, na naomba isichukuliwe kama utaratibu wa kujaza fomu. Kwa kuwa wewe ni afisa utumishi, majalada unayafikia kwa cheo chako, lakini cheo hicho hakikupi ruhusa ya kuyatumia kwa masomo yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka uwe na sababu halali na uzitumie taarifa kwa lengo lililotajwa tu. Omba ridhaa ya maandishi ya mhusika na idhini ya mwajiri, mpe kila mtumishi namba, na orodha inayounganisha namba na majina uiweke mbali na madodoso. Usimgawie dodoso mtumishi ambaye wewe ndiye unayeshughulikia jalada lake la nidhamu. Mwombe mwenzako asiye na mamlaka juu yake akugawie.

Unapofika kwenye mapendekezo, kila pendekezo lipe mtu wa kulitekeleza. "Serikali iboreshe maslahi" halina wa kulitekeleza. "Mkuu wa Idara ya Utumishi na Utawala amjibu kila mwombaji wa uhamisho kwa maandishi ndani ya siku 30" lina mtu, kitendo na muda, na nakala ya tasnifu ikifika ofisini kwake anaweza kulianza bila kusubiri bajeti.