Kupiga Kambi Pwani kwa Kufuata Mwezi: Mwongozo kwa Msafiri wa Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayenuia kupiga kambi kando ya hifadhi za bahari za Pwani kwa kawaida hupanga safari yake kwa kufuata likizo na mshahara. Ningemsihi atazame mwezi kwanza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa na bamvua, yaani maji hujaa hadi juu kabisa na kupwa hadi mbali kabisa, na kati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti hupungua sana. Siku za bamvua, maji ya Mombasa na majirani zake hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi, alasiri na usiku, na kila siku inayofuata nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50.

Saa kumi ya usiku ndiyo inayoponza wageni. Anayefika magharibi huyakuta maji yakirudi nyuma na ufuo ukipanuka, akadhani amepata kiwanja, kumbe atalala mahali ambapo bahari itapita kabla ya alfajiri. Mimi niliamshwa hivyo nikiwa na watoto hemani, na tangu siku hiyo sichomi kigingi kabla ya kuutafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti unaoonyesha maji yalikofika, kisha nikapanda juu yake hatua kadhaa. Kivuli cha mivinje ni kizuri. Chini ya mnazi usilale, kwa kuwa nazi na makuti huanguka bila kubisha hodi. Piga kambi pale tu panaporuhusiwa na KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kama vile Malindi na Shimoni, na ulipe ada kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa sababu fedha taslimu hazipokelewi.

Kuhusu majira, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini uvumao kuanzia Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na maji maangavu, ilhali kusi, upepo wa kutoka kusini, huichafua bahari, na mvua za masika huwa nzito zaidi mwezi wa Mei.

Ukisafiri kwa treni kutoka Syokimau, usibebe mtungi wa gesi, maana utazuiwa kwenye ukaguzi. Nunua nishati ya kupikia ukishafika. Chupa za maji za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na fuo tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo beba jerikeni na chupa ya chuma.

Hifadhi za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, na ndani yake hairuhusiwi kuvua samaki wala kuokota kombe. Mwombe nahodha akutoe maji yakiwa yanaelekea kupwa, wakati matumbawe yanaonekana vyema na mashua bado inaelea. Usiyakanyage hata ukichoka, kwani ni viumbe hai wanaokua polepole mno. Shika kamba ya mashua upumzike. Unapotembea mwambani, vaa viatu vya raba vyenye soli nene, kwa sababu miiba mirefu myeusi ya viumbe wa baharini waliojificha kwenye mashimo hukatikia ndani ya nyayo.

Usiku, zima taa zinazoelekea baharini. Kasa jike hupanda ufuoni gizani kutaga, na mwanga humrudisha majini kabla hajachimba. Ukimwona, kaa kimya nyuma yake, mbali, na usimpige picha kwa mwanga.