Nyumba ya kupendeza yenye mtoto anayetambaa: hatua kwa hatua, na kabati lililonitesa Jumamosi nzima

Wiki iliyopita nilikuwa Iyunga, hapa hapa Mbeya, kwa mdogo wangu, mwanae ana miezi tisa na keshaanza kutambaa, akanipigia dada njoo unisaidie huyu ananimalizia nyumba. Tukashinda kazini siku mbili. Niliporudi Uyole nikasema ngoja niandike kabisa, maana haipiti mwezi bila mtu kuniuliza mambo haya haya na nimechoka kutuma voisi za dakika saba.

Andaa drili (ya kuazima inatosha), biti ya ukuta namba 8, skrubu ndefu na vile vijiplastiki vyake vya kuchomeka ukutani, vyuma vya herufi L vinne, ubao wa inchi moja kwa nne, pima maji (ile ya kuangalia kama ubao umenyooka), futi na msasa.

Hatua ya 1: Tambaa

Sio utani, piga magoti uzunguke sebule yote ukiangalia kwa macho yake. Sisi chini ya sofa tulikuta sarafu, kibiriti, na betri ndogo ya duara ya rimoti. Hiyo betri naomba uiogope, mtoto akiimeza inaunguza koo kwa ndani ndani ya masaa machache tu, ukihisi kameza ni hospitali hapo hapo, usisubiri atoe chooni.

Hatua ya 2: Moto na maji

Huku kwetu Juni ikiingia mtu anabeba jiko la mkaa analiweka chumbani eti mtoto apate joto. Acha. Mkaa ukiwaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na usidanganyike kwamba moshi umeisha, ule mkaa mwekundu safi unaoonekana hauna shida ndio huo huo unaoua watu usingizini. Kuacha dirisha wazi kidogo sio kinga. Mvalishe sweta na soksi, pasha kitanda kwa chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa halafu itoe kabla hujamlaza.

Vile vitambaa vya kufuma vya mezani, najua mama kavifuma mwenyewe, ila hamishia kwenye migongo ya sofa. Kikining'inia mezani mtoto anavuta, na juu yake kuna chupa ya chai. Akiungua mmwagilie maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka dakika 20, sio dawa ya meno, sio mafuta, sio unga.

Ndoo na madiaba yote yawe na mfuniko unaobana, maji ya kina cha sentimita tano yanatosha kumzamisha mtoto aliyeingia kichwa mbele. Na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda... kwa mdogo wangu nilikuta, tena chini ya sinki! Akinywa usimtapishe, mkimbize hospitali.

Hatua ya 3: Funga kabati ukutani

Hapa kaa chini usome vizuri, maana hapa ndipo nilipokomea.

Mwaka juzi mwanangu alivuta droo mbili za kabati la TV akapanda kama ngazi. Kabati likaja mbele. TV ikapasuka, mtoto akaokolewa na mkono wa sofa, kabati liliegemea pale likasimama, yeye yuko chini analia. Nilikaa sakafuni sijui muda gani.

Jumamosi iliyofuata nikaanza kazi saa tatu asubuhi nikijua saa nne nimemaliza. Natoboa, unatoka unga wa kijivu wa plasta, halafu ghafla biti inazama yenyewe kama naichomeka kwenye ugali. Skrubu inazunguka tu haishiki. Nikasogea pembeni kidogo, vile vile. Nikasogea tena, hasira zikanipanda nikaigonga kwa nyundo, kipande cha plasta saizi ya sahani kikadondoka. Saa kumi jioni nina matundu kumi na moja ukutani na kabati halijafungwa. Akapita jirani, mzee mmoja alikuwa fundi mwashi, nikamwamkia, akaangalia ukuta akacheka, "Mwanangu, unatoboa udongo."

Ndio ikawa hivo. Nyumba nyingi za huku ni tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, sementi imekuja juu kama plasta. Tundu lako likiangukia kwenye kiungo cha tofali na tofali, umekwisha, hata ununue skrubu ya dhahabu. Kwa hiyo angalia unga unaotoka: ukiwa mwekundu, mkavu, na drili inapata upinzani, uko kwenye tofali, endelea. Ukiwa wa kahawia na unatoka na vidonge vidonge, hapo ni udongo, simama, sogea juu au chini sentimita nne tano ujaribu tena. Kuna na tofali zilizokaa pembeni ya tanuru hazikuiva, hizo nazo zinamomonyoka, sogea.

Mambo mengine niliyojifunza kwa machozi:

- Zima ile ya kugonga kwenye drili. Kugonga ni kwa zege na bloku, tofali ya kuchoma inapasuka. Toboa taratibu, drili ikiwa imenyooka.
- Usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi, waya mara nyingi umepita wima pale.
- Plasta peke yake inakula kama sentimita mbili, kwa hiyo kijiplastiki kifupi kinaishia kwenye plasta na hakijashika kitu. Chukua kirefu, toboa sentimita saba.
- Puliza vumbi lote litoke. Mimi natumia pampu ya baiskeli, ukipuliza kwa mdomo fumba macho.
- Tundu lililoharibika usilijaze njiti za kibiriti, mafundi wengi wanafanya hivo, linashika leo na kesho kutwa linaachia. Ziba kwa sementi na mchanga, acha siku kadhaa likauke, toboa kwingine.

Sasa siri yenyewe, aliyonipa yule mzee: usifunge kabati moja kwa moja kwenye ukuta wa namna hii. Funga kwanza ubao mrefu ukutani, urefu kama wa kabati lako, kwa skrubu tano au sita, nafasi zisilingane ili zisiangukie zote kwenye viungo. Moja ikiwa legevu nne zinabeba. Weka pima maji, ukipinda utaonekana kila siku na utakuudhi. Halafu kabati linafungwa kwenye ubao kwa vile vyuma vya L, na hakikisha skrubu inaingia kwenye fremu ya kabati, sio ile plaiwudi nyembamba ya mgongoni, ile inachanika kama karatasi. Ubao upake rangi ya ukuta na mgeni hatojua, wifi yangu alifikiri ni urembo.

Mbao chukua paini ya Mafinga, ni laini na inapokea skrubu bila kupasuka, usiniletee habari za kuokoteza mbao ya kreti. Kama ukuta ni bloku una bahati, nusu saa umemaliza. Kama ni tofali mbichi usihangaike kabisa, tafuta kabati fupi pana na TV iwe chini. Mpangaji ongea na mwenye nyumba kwanza. Ukimaliza shika kabati kwa juu uvute kwa uzito wako wote, likicheza hata kidogo rudia. Vitu vizito viwe droo za chini, na rimoti isikae juu ya kabati, ndiyo inayomwita apande. Halafu Mbeya tuko bonde la ufa, ardhi huwa inatikisika mara moja moja, kwa hiyo hata asiye na mtoto afunge tu.

Hatua ya 4: Mahindi

Sisi watu wa huku gunia za mahindi zinalala ndani na sisi. Vile vidonge vya kufukizia vinatoa gesi inayoua mdudu na inaua mtu pia, visitumike kabisa kwenye chumba watu wanacholala wala stoo iliyopakana nacho. Mdogo wangu tumemhamishia kwenye mifuko ya PICS, ile ya matabaka inayobana hewa, mdudu anakufa bila dawa yoyote. Sumu ya panya pia nje.

Hatua ya 5: Soketi

Zima swichi yake kama haitumiki. Balaa kubwa ni ekstensheni za bei chee zenye matundu wazi zilizolala sakafuni, ipandishe nyuma ya kabati. Vifuniko vya plastiki mimi sinunui.

Hatua ya 6: Sasa ipendeze

Zulia la manyoya toa. Matope ya masika na vumbi la kiangazi vyote vinaishi humo, na mtoto anaramba. Mkeka mzuri uliotandikwa raba chini usiteleze unapendeza zaidi, na unakung'utwa nje. Meza ya kioo uza. Zile sponji za kubandika kwenye kona zinabanduliwa na kutafunwa, peleka meza kwa seremala azungushe kona au piga msasa mwenyewe, jioni moja tu.

Ukuta, kutoka chini mpaka mita moja paka rangi ya mafuta, juu paka ya maji. Tulichagua kijani kilichopoa chini na krimu juu, mkono wa uji unafutika kwa kitambaa. Mtoto alale kwingine mpaka harufu iishe.

Midoli iwe kwenye vikapu vya Iringa, vile vya milulu. Vyepesi, havina ncha, vikimwangukia haumii, na vikipangwa vitatu chini ya dirisha sebule inaonekana ya watu. Kimoja ndio kiwe wazi, viwili funika, kila wiki badilisha, anafurahi kama midoli imenunuliwa jana. Kikapu chenye mikono mirefu ya kamba au ngozi ikate, inaweza kumnyonga.

Yule wa Iyunga jana kavuta droo ya chini akasimama ndani yake kama yuko kwenye daladala, mama yake kanitumia picha. Kabati halijatikisika. Sasa mdogo wangu anataka geti ya mlango wa jikoni, mbao nishanunua, Jumamosi naenda.