Kijidaraja cha miguu mtaani, anza kabla mvua hazijaja

Wana Lindi na Mtwara, kila mwaka Desemba tunalia korongo limejaa watoto hawavuki kwenda shule, ila Septemba likiwa kavu hakuna anayeligusa. Sasa ndo wakati wenyewe.

Kwanza mwenyekiti wa mtaa amwite injinia wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, aje aone, msikurupuke. Halafu tembea kando ya korongo uangalie miembe, utakuta majani makavu na mifuko imenasa matawini, maji ya mwaka ule mbaya yalifika hapo, sasa njia ya kupita iwe juu ya hapo. Sisi chetu cha kwanza tulikiweka chini kuokoa mbao, mvua ya kwanza tu tukayakuta magogo kwenye mpunga wa mtu huko bondeni, na mwenye mpunga anatusubiri na jembe lake.

Kazi kubwa iko kwenye kingo wala sio katikati. Maji yanachimba udongo chini ya misingi taratibu, daraja lenyewe zima ila halina pa kukalia. Si mliona Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilivyokatika Somanga? Kwa hiyo rudi nyuma na ukingo, chimba mpaka udongo mgumu, jenga kwa mawe na zege, na usiubane mto eti upunguze urefu wa daraja, ukiubana ndo unazidi kasi.

Kama pesa inatosha magogo ya mnazi tu, chukua mnazi mzee, kipande cha chini, cha juu ni laini. Gogo ligonge kwa panga, likilia kavu beba, likitoa mlio mzito kama boga achana nalo. Mchwa utakuja tu, kagua kila mwaka.

Kuyumba msikudharau. London, daraja la miguu la Millennium juu ya mto Thames lilifunguliwa Juni 2000, likayumba kushoto kulia kwa hatua za watu, siku 2 tu likafungwa mpaka 2002 walipokuwa wameshalifungia vizuia mtikisiko. Sisi hivyo hatuna, piga mbao za msalaba chini yake, vishikio pande zote mbili, na vingine chini usawa wa mtoto.

Halafu simika nguzo katikati ya mlango wa daraja, maana bodaboda akiona upenyo anapita na magunia mawili ya korosho.