Jinsi ya kuomba na kukamilisha mradi wa mwaka wa mwisho wa kompyuta, kutoka fomu ya kichwa hadi jalada gumu

Ukifika mwaka wa mwisho wa shahada ya kompyuta katika vyuo vyetu vya Tanzania, utakutana na kozi isiyo na mtihani wa ukumbini, nayo huwachelewesha watu kuhitimu kuliko hisabati. Kwa kawaida imegawanywa mara mbili. Semista ya kwanza unaomba: unapeleka kichwa, unaandika pendekezo, unalitetea. Semista ya pili unatengeneza, unajaribu, unaandika ripoti na kuitetea tena. Wengi hudhani kazi yenyewe iko semista ya pili. Wenzangu waliokwama, karibu wote walikwama kwa jambo waliloliamua vibaya kabla ya Krismasi.

Kabla ya yote, chukua mwongozo wa idara yako kwa mratibu wa miradi. Humo utakuta idadi ya kurasa, mtindo wa marejeo, kama mnafanya mmoja mmoja au kwa vikundi, na alama ngapi ziko kwa msimamizi na ngapi kwa jopo la watahini. Usitumie ule aliokupa kaka aliyemaliza miaka mitatu iliyopita. Miongozo hubadilika, na yeye hatakuwepo siku ya kukatwa alama.

Hatua ya kwanza: kichwa, na mtu mmoja mwenye daftari

Fomu ya kwanza hutaka kichwa, maelezo mafupi ya tatizo na jina la msimamizi unayemwomba. Hapa ndipo mtu anaandika "Mfumo wa Kielektroniki wa Afya Tanzania". Tanzania nzima, kwa semista moja, na laptopu inayozima ukichomoa chaja! Jopo likikukatalia, shukuru. Likikukubalia ndiyo balaa.

Mtafute mtu mmoja anayeshika daftari. Wangu alikuwa mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwetu, chenye wanachama 25. Kila kikao mwanachama hununua hisa 1 hadi 5, hisa moja sh 2,000. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba. Fedha hukaa kwenye sanduku la kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mzunguko ukiisha wanavunja kikoba, kila mmoja anachukua chake na faida yake, na siku hiyo ndiyo ya ugomvi, maana hesabu za mwaka mzima zinapigwa kwa kikokotoo cha simu juu ya daftari lililomwagikiwa chai.

Nilikaa nao vikao vitatu bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo wa programu. Nilikwenda nikiamini shida ni kugawa faida. Kikao cha pili nikaona shida ilipo: marejesho ya nusunusu. Mama anadaiwa 30,000, leo kaleta 12,000, mweka hazina anaandika pembeni kwa penseli. Wiki inayofuata analeta 8,000, ile 12,000 inafutwa na kuandikwa 20,000. Miezi sita baadaye hakuna anayeweza kusema zile fedha ziliingia siku gani. Mradi wangu wote ulitoka kwenye ile penseli.

Kichwa kikawa "Mfumo wa kutunza kumbukumbu za hisa na marejesho ya mikopo kwa vikoba visivyozidi wanachama 30". Hakina mbwembwe, lakini kinasema ni wa nani, unachukua nafasi ya daftari lipi, na unaishia wapi.

Msimamizi mwendee mapema, ukiwa na ukurasa mmoja mkononi. Salamu, jina, namba ya usajili, tatizo, basi. Mkubaliane siku moja ya kila wiki, na kila mkikutana asaini kwenye daftari la maendeleo. Sahihi hizo zitakufaa mkitofautiana baadaye.

Hatua ya pili: barua

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote. Kama data zako ziko kwenye ofisi ya umma, iwe zahanati, shule ya sekondari au kata, huwezi kuingia tu na tabasamu. Unaomba barua ya utambulisho chuoni. Mara nyingi huandikwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ofisi yake nayo inaandika kwenda wilayani au kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na Mkurugenzi anamwandikia mkuu wa kituo. Kila meza ina muhuri wake, na kila meza ina bwana aliyesafiri kikazi. Tenga mwezi mzima, na uombe barua wiki ileile kichwa kinapopita. Tembea na nakala tatu, kitambulisho cha chuo, na pendekezo lenye sahihi ya msimamizi. Kila unapokabidhi barua, andika namba yake ya kumbukumbu. Ukirudi kuulizia bila namba, masjala watakwambia uje kesho, na kesho yake pia.

Kwa kikoba njia ni fupi zaidi. Barua ya chuo inakwenda kwa mwenyekiti, naye anaisoma kikaoni. Omba pia kuona cheti cha usajili cha kikundi. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi viko daraja la nne, na usajili wake hufanyika halmashauri. Mtahini mmoja aliniuliza hilo swali kabla hata sijawasha projekta.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Andaa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili cha watu, si cha mahakamani, na wakati wa kutengeneza mfumo tumia majina ya kubuni. Hakuna anayependa deni lake lionekane ukutani mbele ya darasa.

Hatua ya tatu: pendekezo

Tatizo, malengo, mapitio ya kazi zilizotangulia, mbinu, ratiba, bajeti. Malengo mahususi matatu au manne yanatosha, na kila moja liwe la kupimika. "Kuboresha uwazi" hakupimiki. "Mweka hazina atoe salio la mwanachama chini ya sekunde 30" kunapimika. Kwenye ratiba ondoa wiki za mitihani, na wiki mbili za mwisho ziache tupu. Kwenye bajeti weka vifurushi, nauli, kuchapa na kubaindi, na kama unategemea bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, usipange matumizi makubwa kabla halijaingia.

Hatua ya nne: kutengeneza

Weka msimbo kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko na tarehe yake, siku ya kwanza, na uutume GitHub, hifadhi yake ya mtandaoni, kila jioni. Laptopu yangu iliibwa kwenye daladala wiki mbili kabla ya kuwasilisha. Nilikuwa na nakala kwenye flashi, na flashi ilikuwa ndani ya begi hilohilo. Kilichoniokoa ni ile nakala ya mtandaoni. Tena, zile tarehe za mabadiliko ndizo zinazothibitisha kwamba kazi hukuinunua.

Kama mfumo unagusa fedha, hifadhi kiasi kama namba kamili, si desimali, kwa sababu desimali za kompyuta hupoteza vipande vidogo vidogo na mwisho hesabu hazifungi. Na usihifadhi salio juu ya salio. Kila rejesho liwe mstari wake wenye tarehe na jina la aliyelipokea, kisha salio likokotolewe. Hiyo ndiyo dawa ya penseli.

Wanachama wengi walikuwa na vitochi, zile simu ndogo zisizo na programu, kwa hiyo programu ya Android ilibaki kwa mweka hazina, wengine wakapata stakabadhi kwa SMS. Hakikisha ujumbe hauzidi herufi 160, ukizidi unagawanywa na kila kipande kinalipiwa. Ukichagua menyu ya USSD, ile ya kupiga nyota na reli bila intaneti, skrini moja hubeba herufi 182, kwa hiyo orodha ndefu zisahau. Huhitaji namba halisi, ambayo ingekupeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kwa kampuni za simu ukiwa na fedha mkononi. Africa's Talking, kampuni inayounganisha programu na SMS na USSD, wana uwanja wa majaribio wa bure unaokuonyesha menyu kama ilivyo kwenye simu, na kwa mradi wa shahada unatosha.

Hatua ya tano: majaribio

Usiwajaribishe rafiki zako wa darasani, wanajua kukuhurumia. Mpe mweka hazina kazi tano, kaa kimya, hesabu dakika na makosa. Kisha tumia dodoso la SUS (System Usability Scale), la kupima urahisi wa kutumia mfumo, lililobuniwa na John Brooke mwaka 1986: kauli 10, kila moja inajibiwa kwa 1 hadi 5. Kwa kauli za namba witiri toa 1 kwenye jibu. Kwa zile za shufwa, toa jibu kwenye 5. Jumlisha, zidisha kwa 2.5, utapata alama kati ya 0 na 100, na wastani unaotajwa sana ni 68. Ukipata 61, iandike 61 na ueleze sababu. Jopo huamini 61 yenye maelezo kuliko 97.

Hatua ya sita: ripoti na utetezi

Sura za mapitio na mbinu ziandike wakati bado unatengeneza. Kiwango cha mfanano kinachokubalika hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, angalia chako kabla ya kupakia ripoti Turnitin, programu inayokagua maandishi yaliyonakiliwa.

Siku ya utetezi endesha mfumo kwenye laptopu yako mwenyewe bila kutegemea intaneti ya ukumbi, na uwe na video fupi ya akiba. Mimi niliulizwa, "Nani anaweza kufuta rejesho?" Jibu likawa hakuna. Kosa linasahihishwa kwa mstari mpya, na wa zamani unabaki unaonekana. Lile swali lilichukua nusu ya muda wangu, na nilifurahi lilivyouchukua.

Baada ya hapo utapewa orodha ya masahihisho. Yafanye wiki hiyohiyo, msimamizi akiwa bado yuko chuoni, kwa sababu likizo ikianza sahihi moja inaweza kukugharimu mahafali. Uliza idara rangi ya jalada gumu na idadi ya nakala kabla hujaenda kubaindi. Fomu ya masahihisho ikishasainiwa, piga picha, kisha kaa na ile karatasi yenyewe mpaka uone jina lako kwenye orodha ya wahitimu.