Somo: Kibanda cha kanga na mito sebuleni kisichoanguka

Masika yanapoingia Dar es Salaam, kuanzia mwezi Machi hadi Mei, watoto waliozoea kombolela uani hushinda ndani, na makochi ndiyo huumia. Wapeni kazi ya ujenzi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutandaza blanketi zito juu ya viti vyepesi vya plastiki. Paa ndilo linalotakiwa kuwa jepesi, na miguu ndiyo iwe mizito.

Hatua ya kwanza ni miguu na boriti. Wekeni viti viwili vikipeana mgongo, vikiachana mita moja hivi, kisha lazeni mpini wa fagio juu ya migongo hiyo na kuufunga kwa kamba kila upande. Juu ya kila kiti wekeni dumu la lita 5 lililojaa maji na kufungwa barabara, ambalo kwa uzito wa kilo 5 hukizuia kiti kuvutwa kwa ndani.

Hatua ya pili ni paa, na hapa msiwe na haraka. Doti ya kanga ambayo haijakatwa inafaa kuliko shuka (mwombeni mwenyewe kwanza), kwa kuwa ni ndefu, nyepesi na haina pengo katikati. Ipitisheni juu ya mpini ili ishuke sawasawa pande zote mbili. Vibanio vya nguo huachia mtoto akivuta. Kwa hiyo funikeni kokoto laini kwa pembe ya kanga, mfunge kamba chini yake, kisha muifunge kamba hiyo kwenye mguu wa kochi. Fundo la namna hii halichomoki. Kazeni pande zote mbili kwa pamoja, maana upande mmoja ukitangulia, viti huinama.

Hatua ya tatu ni kuta. Mito ikisimamishwa huanguka. Ilazeni kama matofali, kila mto ukifunika kiungo cha miwili iliyo chini yake. Blanketi litandikwe sakafuni.

Kwa joto letu, ncha zote mbili ziachwe wazi, na feni ikae mbali na nguo. Umeme ukikatika tumieni tochi. Mshumaa na dawa ya mbu ya kuwasha visiingie kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali: Sakafu yangu ni ya vigae na viti vinateleza. Nifanyeje?
Jibu: Weka kandambili za mpira chini ya miguu ya viti. Mkeka hausaidii, kwani nao huteleza.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mjukuu wenu ana mwaka mmoja na nusu, naye anataka kuingia na kaka zake.
Jibu: Marahaba. Kwake kokoto na kamba ni hatari ya kukabwa, na dumu linaweza kumwangukia. Mfunikie meza imara kwa shuka, nawe ukae naye humo.

Swali: Sisi tunaishi chumba kimoja, hatuna makochi. Je, chandarua chaweza kuwa paa?
Jibu: Chandarua huchanika kikivutwa, na usiku mbu watapita palepale. Fungeni kanga kutoka kwenye ubao wa kitanda hadi kwenye kiti kimoja chenye dumu. Watoto wawili watatosha.