Ukiomba chuo cha sanaa Uingereza, nenda na madaftari yako ya kuchorea

Kwenye usaili wangu wa kwanza nilifungua jalada lenye picha 12, zote zimekamilika na kubandikwa vizuri kwenye kadi nyeusi. Mhadhiri alizipitia upesi, akauliza, "Madaftari yako yako wapi?" Nilikuwa nimeyaacha chini ya kitanda, yana madoa ya chai na mistari iliyofutwafutwa. Mwaka huo sikupata nafasi. Ndiyo maana kila kijana wetu anayetaka kusomea uchoraji wa vielelezo, yaani picha za vitabu, magazeti na matangazo, namwomba kwanza asitupe daftari.

Sisi tumelelewa kumkaribisha mgeni sebuleni. Wahadhiri wa hapa wanataka kuingia jikoni: waone wazo lilianzaje, ulikosea wapi, na kwa nini uliibadili picha mara ya tatu. Basi chora kila siku. Chora abiria kwenye basi, mama wadogo wakichambua mchele wa pilau ya harusi, wazee wakisubiri sala ya Idi. Chukua kanga moja ya nyumbani uitazame vizuri. Pindo, mji na jina vinasema kwa pamoja, na kuoanisha picha na maneno ndiyo kazi yenyewe utakayokwenda kusomea. Chagua jina moja la kanga, ulichoree picha kwa njia tatu tofauti, uhifadhi kila hatua. Usiwapelekee nakala za tembo na twiga wa madukani ukidhani ndicho wanachokitarajia kwa Mwafrika. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia mbao za dari na rangi ya baiskeli, vitu vilivyokuwa karibu yake. Nawe anza na vilivyo karibu yako.

Maombi ya shahada hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu vya Uingereza, machaguo yasiyozidi matano, na tarehe kuu ya mwisho huwa Januari. Wengi hutangulia na kozi ya msingi ya sanaa ya mwaka mmoja. Nawashauri msiiruke, maana hapo ndipo mkono hufunguka. Chuo cha sanaa cha Camberwell, London, kina shahada ya vielelezo. Anayependa vitabu vya watoto aiweke akilini Cambridge School of Art, yenye shahada ya uzamili ya fani hiyo hasa.

Sasa pesa, na hapa nawaomba wazazi wasome pia. Kabla ya kulipa chochote, kiulize chuo kwa maandishi utahesabiwa mwanafunzi wa nyumbani au wa kimataifa. Kwa England, ada ya nyumbani mwaka 2025/26 ilikuwa isiyozidi pauni 9,535. Ya kimataifa katika vyuo vya London huweza kufika mara tatu ya hiyo, hata kuzidi. Kuishi hapa miaka mingi peke yake hakutoshi. Kwa kawaida hutazamwa hadhi yako ya uhamiaji pamoja na miaka mitatu ya ukaazi kabla ya kozi kuanza. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi ana kanuni zake, kwa hiyo ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wasikate tamaa kabla ya kuuliza.

Mwenye viza ya mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kuajiriwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini haruhusiwi kujiajiri. Jambo hili linawaponza wachoraji kuliko wanafunzi wengine, kwa sababu kazi zetu nyingi ni za oda. Shangazi akikuomba kadi ya harusi kwa malipo, au mchapishaji wa Nairobi akikutumia hadithi uichoree, usipokee pesa kabla ya kumwona mshauri wa viza chuoni. Viza ya wahitimu, ukishamaliza, inaruhusu kujiajiri.

Siku chuo kinapofungua milango kwa wageni, nenda na mama au baba. Waache waulize wenyewe wahitimu wa juzi wanafanya kazi wapi. Wewe omba kuonyeshwa madaftari ya mwaka wa kwanza.