Kufunga breki ya mdomo wa mtutu kwenye bunduki ya kuwindia
Breki hii ni kifaa cha kupunguza teke la bunduki. Toa risasi zote, chomoa bolti, chungulia chemba. Kagua hesi za mtutu kabla ya kununua: bunduki za risasi ya .223 nyingi ni 1/2×28 (kipenyo kwa inchi × idadi ya hesi kwa inchi), za .308 ni 5/8×24. Za Ulaya mara nyingi M14×1 au M15×1 (kwa milimita). Breki ikigoma kuingia kwa vidole, usiilazimishe; hesi hazilingani.

Bana mtutu wenyewe, si kitako, katikati ya vipande vya mbao. Kati ya mtutu na breki, pete bapa za kujazia (washa) ni bora. Washa ya kubonyea huweza kukaa upande na kupindisha breki.

Hatari kubwa ni risasi kugonga breki. Ingiza ufito mnyoofu wa kipimo cha mtutu: pengo liwe sawa kuuzunguka kwenye tundu la breki. Umeegemea hata kidogo? Usifyatue, fungua upya. Mwisho rekebisha darubini, maana shabaha huhama.